Sidonie Uwingabire na kilima kilichotembea

Sidonie Uwingabire alirudi kwetu Bitonde wiki ya tatu baada ya kilima kushuka. Alipanda kwa miguu kutoka barabara ya Kirotshe, begi la manjano mgongoni na fimbo ya alumini begani, buti zake za mpira zimejaa udongo mpaka juu. Ukungu ulikuwa umetoka ziwani ukatufunika, na wengi wetu hatukumtambua. Watoto ndio waliomtambua, wakapiga kelele: "Mama Antena! Mama Antena amerudi!"

Mtoto wa kuzaa hakuwa naye, lakini jina hilo lilimkaa. Tulimpa sisi, miaka mitatu nyuma, wakati kamati ya mashamba ya parokia ilipomleta kupima shamba la kila jamaa. Alizunguka Bitonde nzima wiki mbili, akisimamisha ile fimbo kwenye kila pembe, juu yake apareyi ya kupimia, nyeupe na ya duara kama sahani mbili zilizofunikwa. Alipima hata pembe za nyumba. Tulimcheka kidogo. Mashamba yetu yalikuwa na mipaka ya miyenzi, ile miti ya maziwa waliyopanda babu zetu, na nani aliwahi kuona muyenzi ukihama?

Alizaliwa kwa wakulima wa maharagwe, upande wa Kashuga. Jamaa yao walikimbia mara mbili, na mara ya pili shamba la baba yake halikurudi tena mikononi mwao. Akiwa na miaka ishirini na miwili alipata kazi ya kubeba fimbo ya wapimaji wa barabara kule Walikale, ndani ya pori. Kule miti imefunga mbingu. Wapimaji walikuwa wakilaani apareyi, wakiitikisa, wakienda zao kutafuta kivuli na bia. Sidonie alibaki amesimama na fimbo. Alituambia kwamba aliweza kusimama saa mbili akiangalia tundu dogo la mbingu kati ya majani, akizihesabu satelite zikiingia moja moja kwenye kioo cha apareyi, nne, tano, sita, na moyo wake ukatulia kama mtu anayesikiliza wageni wakifika nyumbani. Mpimaji mmoja alipoona hivyo, akamfundisha kazi yote. Baadaye akasoma topografia Goma, mtu mzima kati ya vijana.

Sasa alikuwa amekuja kwa sababu ya Mama Mukandayisenga.

Kilima kilishuka siku ya soko, saa sita mchana, bila mvua. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne na kuacha. Tulisikia kitu kama lori linalopakua mawe, na tulipogeuka upande mmoja mzima wa Bitonde ulikuwa unateremka polepole, migomba imesimama wima juu yake, ikisafiri. Nyumba kumi na moja zilikwenda. Watu walikuwa sokoni, isipokuwa Théogène, mume wa Mukandayisenga, aliyebaki kitandani na homa. Tulichimba siku sita. Hatukumpata.

Mahali palipokuwa na nyumba hizo pakawa udongo mtupu, laini kama ugali uliomwagika. Miyenzi ya mipaka ilikuwa imehamia chini, kwenye mashamba ya watu wengine, bado imejipanga mistari. Mukandayisenga alikuwa akitembea juu ya udongo ule kila asubuhi. Anasimama, anaangalia ziwa, anasogea kushoto, anasimama tena. Alikuwa anatafuta mlango wa nyumba yake kwa kukumbuka jinsi ziwa lilivyoonekana kutoka mlangoni.

Sidonie alimkuta hapo.

"Mama, pole," alisema.

"Weye uliandika nyumba yangu ndani ya kitabu yako," Mukandayisenga akamwambia. Hakumsalimu. "Nionyeshe mahali mulango ilikuwa. Nitaweka musalaba pale. Siombi kingine."

Sidonie alifungua begi, akaunganisha fimbo, akawasha apareyi. Kioo kikaonyesha satelite kumi na tisa. Sisi tuliosimama karibu tulifurahi, lakini yeye alitikisa kichwa.

"Satelite peke yake inakosea hatua mbili, tatu," alieleza. "Kule Goma kuko apareyi ingine yenye haitembei. Inajua mahali pake, kwa hiyo inaona makosa ya satelite, na inatutumia masahihisho kwa intaneti. Ile njo sijapata. Bila ile, Mama, nitakuonyesha mulango ya jirani."

Basi tukaingia kwenye siku mbili ambazo hakuna aliyezielewa isipokuwa yeye. Kwanza rezo, mtandao wa simu, haikuwepo. Alitembea na fimbo kando ya kilima, ukungu ukimmeza na kumtema, mpaka akafika kwenye jiwe la juu ya bomba la maji, ambako simu ilipata vijiti viwili. Akajaribu. Serveri ya Goma, kompyuta inayogawa masahihisho, ikamkataa: neno la siri si sahihi. Akampigia Damien, fundi wa ofisi yao Goma, akaweka sauti ya simu juu ili aweze kuandika.

"Walibadilisha mwezi jana," Damien alisema. "Herufi ya kwanza iko kubwa sasa."

Aliandika upya. Serveri ikamkubali, ikampa orodha ya vituo, akachagua. Kioo kikaandika kwamba ameunganishwa. Tukapiga makofi. Lakini hakuna kilichofika. Ilikuwa kama mlango ulio wazi na hakuna mtu anayetoka ndani. Alizima, akawasha. Alibadilisha laini ya simu. Alichukua simu ya Jean de Dieu, katekista wetu, akaunganisha kwa hiyo. Kila mara ni vile vile: ameunganishwa, na kimya.

Siku ya kwanza iliisha hivyo. Alilala kwetu na asubuhi tulimkuta tayari juu ya jiwe, amekaa, fimbo imeegemea bega lake. Chini yake ukungu ulikuwa umejaza bonde lote hadi ng'ambo ya ziwa, vilima vimebaki vichwa tu. Mukandayisenga alikuwa amemletea viazi. Walikula pamoja. Halafu, tuliambiwa baadaye, Mukandayisenga aliuliza:

"Ile ya Goma, inajua kama tuko hapa?"

Sidonie aliacha kutafuna. Alimpigia Damien.

"Damien, serveri yetu inachagua masahihisho kufuatana na mahali mutu iko, njo vile?"

"Njo vile. Lazima umuambie kwanza kama uko wapi, hata kwa kukosea kidogo. Usipomuambia, ananyamaza. Apareyi yako haimuambie?"

"Ilianguka ndani ya matope juzi. Niliirudisha kwa mipango ya kiwandani."

"Ah, Sidonie! Basi ile kitu imejizima. Angalia mahali wanaandika kutuma pozisyo. Iweke ndiyo."

Aliiweka. Ilichukua muda mfupi tu. Namba zilizokuwa zimelala zikaanza kuhesabu masahihisho yakifika, sekunde moja, sekunde moja, sekunde moja. Kioo kiliandika *Flottant*, maana yake bado inaelea. Sidonie alishika fimbo kwa mikono miwili na kusimama wima. Kisha kikaandika *Fixe*, yaani imekaa imara.

"Sasa tunajua mahali tuko, kosa ni sentimeta mbili tu," alisema polepole. Mukandayisenga aliangalia miguu yake mwenyewe kama mtu anayeiona mara ya kwanza.

Lakini Sidonie hakwenda moja kwa moja kwenye mlango. Kazi yake ilimfundisha kwamba apareyi iliyoamka inaulizwa kwanza jambo unalolijua. Mbele ya kanisa letu, upande ambao haukushuka, palikuwa na msumari ndani ya saruji, aliouweka mwenyewe miaka ile. Akasimamisha fimbo juu yake. Akasoma. Akasoma tena. Alizima masahihisho, akayawasha, akasubiri, akasoma mara ya tatu.

"Nini?" Jean de Dieu aliuliza.

"Inasema musumari iko sentimeta makumi tatu na nane chini ya mahali niliiacha. Upande wa ziwa."

"Basi apareyi yako bado inagonjwa. Kanisa hii ilijengwa na babu zetu. Kanisa haitembei."

Sidonie hakubisha. "Inawezekana inagonjwa," alisema. "Twende tuone."

Alishuka na Jean de Dieu hadi kwenye mwamba wa kando ya ziwa, karibu na mahali mitumbwi inapopakia mihogo kwenda Bweremana. Kule alikuwa na msumari mwingine, uliopigwa ndani ya jiwe lenyewe. Jean de Dieu alituambia kwamba Sidonie alipofika alifunga macho kidogo kabla ya kuangalia kioo. Tofauti ilikuwa sentimeta moja na nusu. Mwamba ulikuwa pale pale. Apareyi haikuwa mgonjwa.

Walikaa juu ya mwamba. Maji yalikuwa kimya na meupe. Jean de Dieu ni mtu wa maneno mengi, lakini hapo alisema moja tu:

"Mulango ya sakristia haifungike tangu Pasaka. Nilikuwa nafikiri ni mbao njo imevimba."

Walipopanda tena, jua lilikuwa limeinama. Sidonie alimtafuta Mukandayisenga kwanza. Kioo sasa kilimwonyesha Sidonie mshale na namba za kuelekea mlangoni: mita kumi na mbili, mita saba, mita mbili. Alikuwa anatembea juu ya udongo kama mtu anayefuata sauti. Sisi tulimfuata nyuma. Alisimama mahali ambapo hapakuwa na kitu chochote, hata jani.

"Hapa," alisema. "Hii njo pembe ya kuume ya mulango. Ya kushoto iko pale. Lakini, Mama, sikudanganyi. Udongo wenye unakanyaga si ule wa zamani. Ule wa zamani ulienda. Hapa ni mahali tu."

"Mahali inatosha," Mukandayisenga alisema.

Alivua kitambaa cha kichwa, akasimama kati ya zile pembe mbili na kugeuka kuelekea ziwa. Alikaa hivyo muda mrefu. Halafu akacheka, kicheko kidogo cha kweli, na akasema kwamba alikuwa akitafuta mbali sana upande wa kushoto, kwamba Théogène siku zote alimwambia hajui kushoto na kulia. Kisha akalia. Sidonie aliweka fimbo chini na kumshika. Kioo kiliendelea kuhesabu peke yake kwenye udongo.

Jumapili, baada ya misa, Jean de Dieu alimpa Sidonie nafasi ya kusema. Hakupanda mbele. Alisema akiwa katikati, kati ya mabenchi, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Wapendwa, mimi si mutu wa kuogopesha watu. Upande huu wa kilima unatembea pia. Polepole. Sijui kama utashuka kesho ao miaka kumi, na mutu mwenye atasema anajua, musimuamini. Najua tu kwamba umetembea."

Kulikuwa na ghasia. Papa Émile, ambaye nyumba yake ni ya juu kuliko zote, alisimama akasema kwamba kwanza vita iliwafukuza, sasa namba zinawafukuza. Sidonie alimsikiliza mpaka mwisho. Alimjibu kwamba hamfukuzi. Yeye mwenyewe alikuwa na shamba la baba yake ambalo hajaliona tangu utoto, na asingemtakia mtu jambo hilo. Aliomba jambo moja: kwamba mabati ya kanisa na mabenchi yahamishwe, na watu wasikusanyike ndani ya jengo mvua ikinyesha.

Ilichukua miezi miwili tukubaliane. Tulihamisha mabati, tukajenga sehemu ya sala ng'ambo ya kijito, kwenye mgongo wa mawe. Nyumba sita zilifuata. Papa Émile alibaki.

Sidonie alikuja kila mwezi. Alipanda na ukungu, akasimamisha fimbo juu ya msumari, na watoto wakamuuliza, "Leo imetembea ngapi?" Kidole kimoja. Nusu kidole. Mwezi wa jua kali, hakuna. Ilikuwa ajabu kukaa juu ya kilima na kujua kwamba usiku unapolala kinakubeba kidogo. Wengine walisema wameanza kuota mashua.

Mwezi wa kumi na mbili, baada ya mvua ya siku tisa, ukuta wa nyuma wa kanisa ulipasuka na kushuka pamoja na mikaratusi yote ya nyuma yake. Ilikuwa asubuhi ya Jumapili. Tulikuwa ng'ambo, tunaimba, na tuliacha kuimba kuangalia. Papa Émile alifika kati yetu nusu saa baadaye, mbuzi wawili kwa kamba na redio kifuani. Mukandayisenga alimsogezea nafasi kwenye benchi.

Tulimpigia Sidonie simu. Alikuwa upande wa Walikale, ndani ya pori, sauti ikikatika. Jean de Dieu alimweleza yote, kisha akamwambia hakuna aliyekufa. Tulimsikia akiuliza majina, mmoja mmoja, ya kila aliyekaa upande ule, na Jean de Dieu akamjibu kila jina: iko. Iko. Iko. Alipomaliza alimwomba Jean de Dieu awasalimie wote, akasema lazima arudi kazini, kwa kuwa mbingu imefunguka kidogo juu ya miti.