Kiti Kilipimwa Kitupu

"Mtoto hatembei, uwanja wa nini?" Jirani alimuuliza hivyo fundi cherehani wa mtaa wetu, mama wa mtoto huyo, tukiwa kwenye foleni ya maji. Fundi hakukasirika. Alimjibu, "Mikono anayo, mama."

Binti yake tulimwita Kipanga, kwa jinsi alivyodaka. Umrushie chungwa, umrushie kandambili, hakiponyoki kitu. Alikuwa wa kiti cha magurudumu tangu utotoni, na alikisukuma mwenyewe. Ukishika kwa nyuma kumsaidia anakuambia, "Mama mdogo, mimi si toroli."

Baraza la mji lilipotenga fedha za viwanja, ili hata wale ambao siku zote hukaa pembeni kutazama wacheze, fundi hakukosa mkutano. Alisimama mbele ya wakubwa, pini bado zimechomekwa kifuani pa gauni, akaomba kitu kimoja: binti yake aingie uwanjani kwa mikono yake mwenyewe. Mungu akajalia, wakakubali. Ukajengwa uwanja wa mpira wa kikapu, sakafu laini kama meza, na penye ngazi wakaweka mteremko. Mchomeleaji akatumwa kwa fundi kuuliza upana wa kiti, atengeneze lango.

Sasa, huyu fundi hajawahi kupima gauni bila mwenyewe kuwepo. Wanaume waliomletea vitambaa vya wake zao, wakamwonyesha kwa mikono "ni mnene hivi", aliwarudisha wakawalete. Lakini safari hii alitaka kumshtukiza mwanawe. Alikipima kiti mchana, Kipanga akiwa amelala kitandani. Akatoa kipimo kile kile, gurudumu hadi gurudumu. Nguo huongezewa nafasi ya mshono. Chuma, aliona, hakina mshono.

Siku ya ufunguzi Kipanga alitangulia mbele yetu sote. Langoni kiti kilipita, mikono haikupita. Vidole vikachubuka kwenye nguzo. Akarudi nyuma, akajaribu tena taratibu. Kisha akamgeukia mama yake.

"Mama, hii umenishonea ya kubana."

Tulicheka, maana alitaka tucheke. Wenzake walipotaka kumsukuma akakataa. Alisema atangoja lango lipanuliwe, hana haraka. Ikawa kila jioni anakaa nje ya uzio, anawarudishia mipira iliyotoka. Nguzo zilikuwa zimezama kwenye zege, mali ya umma, haziguswi bila kibali. Na baraza likasema fedha za mwaka ule zimekwisha, tusubiri bajeti nyingine.

Bajeti nyingine haikumkuta. Mvua zilipoanza kifua kilimbana, na Mungu akamchukua.

Cherehani ya mama yake imefunikwa shuka hadi leo. Anashika ile futi ya kupimia, anaikunja, anaikunjua. Zamani ningemwambia ni mapenzi ya Mungu, na hilo naliamini, lakini siku hizi nakaa naye tu.

Wiki iliyopita diwani alikuja na wenzake, wakavua viatu mlangoni. Walisema wanataka uwanja uitwe kwa jina la Kipanga, kiwekwe na kibao kikubwa, ila kwanza wamsikie mama kama ana neno. Mama aliikunja ile futi.

"Jina lake msiandike," alisema. "Panueni lango. Na mkipima, mtoto awe amekaa kwenye kiti, mikono yake ikiwa kwenye magurudumu."