Sauti Aliyoitunza Navalayo

Navalayo alipofika njiapanda ya kwao Navakholo, alijua watu wote wa boma wametega masikio. Binti anayekuja kumzika mamake haingii kimya. Huanza kulia hapo barabarani, mikono kichwani, ili waliokaa uani wajue mwenye uchungu amefika. Na yeye hakuwa binti hivi hivi. Tangu utotoni akiita, watu wa ng'ambo ya mto huitika.

Lakini wiki hiyo hiyo kwaya ya chuo chao cha ualimu ilikuwa isafiri kwenda kuimba Kampala. Ulikuwa mwaka wa pili wa Uhuru, na kwao hakuna aliyewahi kuvuka mpaka kwa jambo la furaha. Wimbo wenyewe ulianza na sauti moja, ubeti mzima bila ngoma, na sauti hiyo ilikuwa yake. Hata mamake aliposhindwa kuinuka kitandani, alikuwa akimwambia, "Niimbie ile ya Kampala."

Navalayo akapita njiapanda kimya, sauti isije ikamkauka kwa kilio. Machozi yalimtiririka, koo akalifunga.

Senge Khalayi, dada ya babake, alimkuta kwenye lango.

"Umelilia wapi?"

"Ninalia, senge."

"Unalia na macho? Macho hata ng'ombe hutoa maji." Wanawake nyuma yake wakacheka. "Mamako alituchosha na hiyo Kampala. Kumbe yeye alikuwa anakufa, wewe unatunza sauti!"

Kaburini, kilio kilipopanda, Navalayo alijiziba mdomo kwa leso, akameza na kumeza. Kesho yake aliondoka bila mtu wa kumsindikiza.

Chuoni aliusikia ubeti wake kabla hajafika ukumbini. Ulikuwa mwembamba, ukipanda kwa shida. Jescah, rafiki yake, alikuwa amesimama mahali pake.

Mwalimu George, mwongozaji wa kwaya, aliinua mkono wakanyamaza.

"Pole sana, Navalayo."

"Asante, mwalimu. Niko tayari."

"Tayari kwa nini? Mimi pia ni mtu wa huku. Binti akitoka kumlilia mamake, ananong'onanga hata wiki mbili. Sikungoja. Jescah ameshazoea."

"Sauti yangu ni nzima."

Akaimba. Ubeti mzima ulitoka safi, bila mkwaruzo wowote, mpaka wapishi wakatoka jikoni na miko mikononi. Alipomaliza, hakuna aliyepiga makofi. Wote walikuwa watoto wa maboma ya huko, walielewa walichosikia.

"Ni nzima kweli," mwalimu alisema polepole. "Kwani hukumlilia mama?"

Mtu mmoja kwenye safu ya sauti nzito akacheka. Jescah aliinamisha kichwa, lakini hakuondoka pale aliposimama.

"Nenda mstari wa nyuma," mwalimu akasema. "Siwezi kumweka mbele mtu ambaye wenzake wanamwogopa."

Ndani ya basi kiti cha kando yake kilibaki kitupu mpaka Kampala. Ukumbini sauti ya Jescah ilitetemeka kidogo, kisha ikashika, na wenyeji walisimama kumshangilia. Nyuma kabisa Navalayo alikuwa akiufuata ubeti kwa midomo tu.

Waliporudi, hakwenda chuoni na wenzake. Alienda moja kwa moja njiapanda ya Navakholo, akaweka mikono kichwani, akakiachilia kilio chote alichokuwa amekimeza. Ng'ambo ya mto watu waliacha majembe. Senge Khalayi alikuja mbio, akamziba mdomo kwa kiganja kilichonuka udongo.

"Nyamaza! Tumeshaanua matanga. Ukilia saa hii unaita kifo kingine. Unamtaka nani, mimi?"

Navalayo alipumua kwa shida chini ya kile kiganja, mpaka kilio kikarudi kilikotoka.

Alipohitimu alipangiwa shule ya hapo hapo Navakholo, darasa la kwanza, akakaa miaka mingi. Alihudhuria kila mazishi ya majirani. Na kila mara, wanawake walipojipanga kulia na yeye akavuta pumzi ili aanze nao, kulikuwa na mmoja wa kumgeukia na kumgusa bega kwa upole.

"Aa, mwalimu, wewe pumzika. Tunza sauti."