Siku ya Soko Niliyohesabia Kwenye Mulolongo wa Posho

Admin, jina langu ulifiche kabisa, na musitafute kwenye maoni mimi ni nani. Niko mwanamke wa miaka 28, Mkongomani wa Kivu ya Kusini, naishi kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, upande wa Kashojwa. Kuna kitu kinanikula roho na sina mtu wa kumwambia.

Mwaka jana enjinia mmoja wa Mbarara alitafuta watu wa kuhesabu barabarani. Tajiri fulani alitaka kujenga depo kubwa ya mahindi kwenye njia panda yetu, na kwanza ilipaswa kujulikana gari ngapi, boda ngapi na watu wa miguu wangapi wanapita pale. Hesabu hiyo ndiyo ingeonyesha kama barabara inahitaji matuta na fasi ya watu kuvukia. Nilipewa siku mbili: ya kawaida na ya soko. Enjinia alinisisitiza, "Ya soko ndiyo ya maana. Usitoke hapo."

Siku ya kawaida nilikaa vizuri mpaka jioni. Lakini siku ya soko ikaangukia siku ya posho, ya kugawiwa chakula. Wenye kuishi huku munajua: kidole unaweka mwenyewe kwenye mashine, ukikosa umekosa mpaka mwezi ujao, na mama yangu ni mgonjwa. Nikasema niende haraka nirudi. Haraka gani! Jirani yangu Mama Espe, Mrundi, alikuwa amenishikia nafasi, lakini mulolongo haukusonga mpaka saa tisa. Basi nikakaa juu ya jerikani, nikanakili karatasi ya siku ya kawaida, nikaongeza watu kidogo ifanane na soko. Mama Espe akacheka, "We dada, barabara unaihesabia huku?" Na mimi nikacheka. Aibu yangu!

Ripoti ikasema watu wa miguu ni wachache, matuta hayahitajiki. Depo ikajengwa, kamiyo, malori ya mahindi, zikaanza kukata kona pale bila kupunguza mwendo.

Haikupita hata miezi miwili, siku ya soko, kamiyo ikamgonga Mama Espe akivuka na beseni lake la nyanya. Nilikuta watu wanakanyaga nyanya wakimkimbilia. Alikata roho kabla ya kufika hospitali Mbarara. Tangu hapo njia panda ile siipiti, nazunguka kwenye migomba. Nikifua, nikipika, najikuta nahesabu watu wanaopita mbele ya mlango, na siwezi kuacha. Naogopa, jamani. Kuna siku namuona yeye kati yao.

Jumapili mume wake alikuja kwetu. "Binti yangu," akasema, "Alhamisi wakubwa wa wilaya ya Isingiro wanakuja na tajiri na yule enjinia. Sisi tunaomba matuta, wao wanasema hapa hapapiti watu. Mimi najua wewe ulihesabu vizuri. Enjinia ndiye alibadilisha karatasi yako. Utasimama useme hivyo mbele yao?"

Nikageuka nikachochea moto. Yeye akadhani naogopa wakubwa. Akaniwekea mkono kichwani, akaniombea Mungu anipe nguvu ya kusema ukweli. Nikaitika amina.

Alhamisi ni keshokutwa. Nikinyamaza, enjinia atabeba kosa langu. Nikisema, mzee huyu atajua kichwa alichokiombea ndicho kilichotunga hesabu ile. Munishauri ndugu zangu, hata kwa kunitukana: nikisimama pale, nimwangalie nani?