Bei ya Shule

Aikande hawezi kukaa kitini. Chumba chake cha kupanga pale Kaloleni hakina nafasi ya kutembea, lakini hutembea humo humo, kutoka kitandani mpaka mlangoni, akibishana na bei. Filamu yake kuhusu mifereji ya maji ya Meru, namna wazee walivyoichimba na watu wanavyopeana zamu za kumwagilia mpaka leo, imemlia miaka miwili. Shule zikiinunua, atatengeneza ya pili. Zisiponunua, atarudi kupiga video za harusi, na mwenye studio anataka jibu mwisho wa mwezi huu. Harusi za watu amezichoka mpaka keki zinamkera.

Bei anazo mbili. Ya nyumbani ni elfu kumi, maana familia itatazama mara moja basi. Ya shule na maktaba ni laki mbili, kwa kuwa itafundishia watoto mwaka hadi mwaka. Tatizo ni mdomo wake: mwalimu akikunja uso tu, Aikande anajipunguzia mwenyewe kabla hajaombwa. Mbele ya Mwalimu Nathanael, mkuu wa sekondari ya kijijini kwao, alishuka mpaka elfu hamsini, na mwalimu akasema atafikiria.

"Kizuri chajiuza," mama yake, Kaanaeli, alimwambia. Aikande akanuna.

Jumapili ya mavuno Kaanaeli akabeba mkungu wa ndizi, kuku, na flashi yenye ile filamu, bila kumwuliza mwenyewe. Baada ya ibada sadaka zikapigwa mnada nje ya kanisa. Na mnada wa kanisani mnaujua: yai moja linaweza kufika bei ya kuku, kwa sababu hakuna anayetaka kushindwa mbele ya mchungaji. Kwaya ya akina mama ikapandisha, Mwalimu Nathanael naye akapandisha, mpaka akaichukua flashi kwa laki tatu. Vigelegele vikapigwa, fedha zikaingia kwenye kapu la sadaka.

Aikande alitaka kulia kwa hasira. Shule imepata filamu, kanisa limepata fedha, yeye kapata baraka. Jumatatu alifika ofisini kwa mwalimu kabla ya kengele.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Aikande. Filamu yako si nilishanunua jana?"

"Ile ni ya nyumbani, mwalimu. Tazama na mama watoto. Ya darasani bado."

"Na zile laki tatu?"

"Ulimtolea Mungu."

Mwalimu akakunja uso. Elfu hamsini ilishafika kwenye meno ya Aikande, akaimeza.

"Bei ya shule ni laki mbili," akasema.

Mwalimu akagongagonga kalamu mezani. Aikande hakushusha hata shilingi.

"Siku ile ulivyokuwa unashuka tu," mwalimu akasema mwishowe, "nilidhani filamu ni mbovu." Kisha akamwita mhasibu.