Saa ya Mfongo wa Kirua

Ofisi ya Aikande Mathew ni chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la pembejeo, karibu na soko la Mbuyuni mjini Moshi. Ndani yake kuna meza mbili, kompyuta tatu, betri ya kusaidia umeme unapokatika, na dirisha ambalo asubuhi huonyesha mlima na mchana huonyesha mawingu. Mlangoni hakuna kibao. Wateja wake wengi hawajawahi kufika hapo. Humpata kwa simu.

Anatengeneza picha za mashine. Hizi si picha za kutundika ukutani. Kompyuta nzima, pamoja na mfumo wake, programu zake na kumbukumbu zake, hunakiliwa ikawa faili moja kubwa. Faili hilo hupandishwa kwa intaneti hadi kwenye kampuni inayokodisha seva, na huko seva mpya huwashwa kutokana nalo, ikiwa na kila kitu kilichokuwa kwenye mashine ya zamani. Mafundi huiita imeji. Kampuni hizo zina imeji zao zilizo tayari, lakini programu nyingi za zamani hugoma kufanya kazi ndani yake. Hapo ndipo Aikande huitwa.

Ana umri wa miaka thelathini na minane. Alizaliwa Old Moshi, mtoto wa tatu wa fundi redio ambaye hakurudisha redio ya mtu kabla ya kuifungua na kuipiga brashi ndani, hata kama kilichoharibika kilikuwa swichi tu. Alisoma chuo Arusha, akafanya kazi miaka sita Dar es Salaam akitunza seva za kampuni ya bima, na mwaka 2019 akarudi kumuuguza mama yake. "Mama akapona," anasema, "mimi nikabaki."

Ile brashi ya baba aliirithi kwa namna yake. Imeji haipandishwi hivi hivi. Lazima ifutwe jina la mashine ya zamani, anwani yake ya mtandao, funguo zake za siri na takataka za miaka, la sivyo seva mpya itaamka ikidhani bado iko mahali pa zamani. Wakulima huwaeleza kwa mgomba: ukihamisha chipukizi kwenda shamba jingine, unapunguza majani na kumenya mizizi, usibebe wadudu fukusi wa kule. Kila anachokisafisha hukiandika kwenye orodha, kwa namba. Katika kazi ya Januari mwaka huu orodha ilikuwa na mambo kumi na saba, na la kumi na moja ndilo lililomletea shida.

Kazi hiyo ilitoka Kirua Vunjo, kwenye kamati ya mfongo. Mfongo ni mfereji uliochimbwa na mababu kuleta maji ya mto kwenye vihamba, mashamba yanayozunguka nyumba, na huu una matawi manne yanayohudumia kaya mia nne na kumi na mbili. Usiku maji hukusanywa kwenye nduwa, bwawa la udongo lililo juu ya kijiji. Mchana, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, hufunguliwa kwa zamu, kila kaya dakika sitini. Sheria ni fupi. Asiyekuwepo kwenye banio, mlango wa kufungulia maji, zamu yake inapoanza, ameipoteza, na atasubiri siku kumi na moja mpaka mzunguko umfikie tena. Kwa jua la Januari, siku kumi na moja zinatosha kuua kitalu cha mboga.

Zamani zamu ilitangazwa kwa pembe. Tangu mwaka 2016 ilitangazwa kwa ujumbe wa simu, uliotumwa na kompyuta moja iliyokaa kwenye chumba cha kamati, jirani na kituo cha kukusanyia maziwa. Aliyeifunga ni Fabian, mwalimu wa sekondari ambaye baadaye alihamia Mwanza. Alitumia programu ya bure iliyoandikwa kwa ajili ya mashamba ya nchi nyingine. Katibu wa kamati, Hilaria, aliingiza majina na saa za zamu. Kompyuta ikamwarifu kila mtu dakika sitini kabla.

Oktoba mwaka jana kompyuta hiyo ilizimika mara mbili, na mara ya pili watu wawili walishikana mashati kwenye banio. Kamati ikaamua kuhamia kwenye seva ya kukodi kabla haijafa kabisa. Hawakukubaliana wote. Mwenyekiti, Mzee Thadeus, mwenye miaka sabini na mmoja, bado ameitundika pembe nyuma ya mlango wake.

"Pembe haiishiwi chaji," aliwaambia wajumbe.

Wakafikia makubaliano. Aikande apewe tawi moja kwa majaribio, kuanzia Jumatano hadi Jumamosi. Jumamosi kamati ingekaa na kuchagua: seva au pembe.

Alipanda Kirua na diski ya nje, akanakili kompyuta nzima, akarudi mjini. Aliiwasha nakala hiyo ndani ya kompyuta yake mwenyewe, kama nyumba ndani ya nyumba, akaanza kusafisha. Aliipa uwezo wa kuzitambua diski za kampuni ya seva. Aliondoa modemu ya zamani iliyotumia laini ya simu, na mahali pake akaweka kiungo cha kampuni ya kutuma ujumbe. Faili la gigabaiti themanini akalibana likawa sita. Siku ya kulipandisha umeme ulikatika likiwa limefika asilimia sabini na moja, na intaneti ikaondoka nao. Akaanza upya, safari hii akiwa amelikata vipande vidogo ili kitakachokatika kiwe kipande kimoja tu. Jumanne mchana seva mpya iliwaka. Aliijaribu kwa kutuma ujumbe kwenye simu yake, ukafika. Akaenda kula.

Jumatano, saa kumi na mbili alfajiri, Gladness, mama wa watoto watatu anayelima mchicha na kabichi kwenye tawi hilo, alipata ujumbe. Zamu yake inaanza saa 7:00, zimebaki dakika sitini. Simu yake ilionyesha 6:00. Hesabu ilikaa sawa. Alichukua jembe akateremka mbio. Kwenye banio alimkuta Ronald, jirani yake, ameshafungulia maji.

"Shemeji, umekuja kunisaidia au kuniibia?" Ronald aliuliza.

"Soma mwenyewe. Dakika sitini zimekwisha. Nimeacha ng'ombe hajakamuliwa."

"Na mimi nimeandikiwa saa moja, na saa moja ndiyo hii. Ila ujumbe wangu uliingia saa sita usiku, sijui ulikuwa unanitakia ndoto njema."

"Basi toka kwenye maji."

"Nitoke niende wapi? Zamu yangu ni saa moja tangu mwaka juzi, na yako ni saa saba mchana. Hata ng'ombe wako anajua."

Mzee Thadeus, ambaye asubuhi hiyo alikuwa amekuja kuangalia majaribio, aliwasikiliza wote wawili bila haraka. Akamwambia Ronald aendelee, na Gladness akakamue, arudi saa saba.

"Na mashine ikiandika nimeshamaliza, mzee?"

"Iandike. Macho yangu yameona hujaanza."

Mashine iliandika kweli. Saa mbili asubuhi simu ya Gladness iliita tena: zamu yako imekwisha, zamu ijayo ni baada ya siku kumi na moja. Alimpelekea Hilaria ujumbe huo. Hilaria akampigia Aikande.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, hiyo seva yako ina haraka ya nini?"

Aikande alifika Kirua kabla ya saa nne. Mzee Thadeus alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya chumba cha kamati.

"Shikamoo meku," alimwamkia, kwa neno la Kichagga la kumwita mzee.

"Marahaba. Ingia ukamwangalie mgonjwa wako."

Kompyuta ya zamani ilikuwa bado inawaka kwa ajili ya yale matawi matatu. Aliitazama saa yake, akatazama ya simu. Tofauti ilikuwa saa sita, bila dakika moja ya ziada.

Tofauti hiyo alikuwa ameiona tangu siku ya kunakili. Kompyuta zilizozeeka hupoteza saa, kwa kuwa betri ndogo iliyo kwenye bodi hufa, na yeye hukutana na saa mbovu karibu kila mwezi. Akarekebisha. Kwenye orodha yake namba kumi na moja inasomeka: *Saa – ilikuwa nyuma, imerekebishwa.*

"Ingekuwa nyuma saa tano na dakika arobaini, sawa, hiyo ni betri," anasema. "Saa sita kamili si betri. Saa sita kamili ni mtu. Nilipaswa kuuliza ni nani."

Alimpigia Fabian pale pale, akaiweka simu mezani kwa sauti ili katibu asikie.

"Fabian, kwa nini hii mashine uliirudisha nyuma saa sita?"

Fabian alicheka kwanza. "Mama Hilaria alikataa kuandika kumi na tatu. Ile programu inahesabu kuanzia usiku wa manane, saa saba mchana inaiita kumi na tatu. Mama akasema saba ni saba. Nikaona ni rahisi kuibadili mashine kuliko kumbadili yeye."

"Mwambie na leo bado ni saba," alisema Hilaria.

"Nimesikia, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ungeandika mahali basi, mwalimu mzima."

Jibu la haraka lingekuwa kuirudisha saa nyuma kama alivyofanya Fabian. Aikande alijua halitafaa. Kompyuta ya zamani ilituma kwa laini ya simu, na hakuna aliyewahi kuiuliza ni saa ngapi. Seva mpya hutuma kupitia kampuni, na kampuni hukagua saa ya kila mashine inayobisha hodi. Iliyo nyuma saa sita hukataliwa kama mwizi. Saa ya ndani ilipaswa kuwa sahihi, na saa anazoandika Hilaria zilipaswa kubaki zake.

Kabla hajaondoka, Mzee Thadeus alimkumbusha jambo jingine. Kwa desturi ya mfongo, anayevuruga zamu ya mwenzake hulipa kwa jembe: huzibua mfereji hatua ishirini, tope na majani yote nje.

"Si adhabu," alisema. "Hata mimi nimewahi kuzibua."

"Lini, meku?"

"Wewe hujazaliwa. Jumamosi uje na mabuti."

Mjini, Alhamisi, Aikande alifungua orodha ya miji ambayo kila kompyuta hubeba ndani yake ili ijue kuonyesha saa za mahali ilipo. Alihitaji mji ambao saa zake ziko nyuma ya Tanzania kwa sita kamili, mwaka mzima bila kubadilika. Alipita kadhaa ambayo husogeza saa kila kiangazi, akasimama kwenye Buenos Aires. Kwa moyo wake seva ingejua saa halisi ya dunia. Kwa macho yake ingeamini iko Argentina, na saa ya Argentina inaposoma 7:00, Kirua ni saa saba mchana.

Aliifunga imeji mpya. Safari hii hakuipandisha kabla ya kuikalia: aliiwasha kwenye kompyuta yake, akaingiza zamu ya kubuni, akasubiri hadi saa yenyewe ipite, simu mkononi. Ujumbe ulifika dakika sitini kabla. Jioni alipandisha vipande vyote sitini na viwili. Viwili vilikwama, akavirudia. Ijumaa asubuhi seva ya pili iliwaka, ya kwanza akaifuta. Siku nzima ya Ijumaa hakuna aliyepiga simu kutoka Kirua, jambo ambalo halikumtuliza. Mchana alimpigia Hilaria mwenyewe, akaambiwa watu wako kwenye maji, wampigie ili iweje.

Jumamosi alikuwa kwenye mfereji saa mbili, na mabuti ya kuazima na jembe la Hilaria. Kamati ilikaa kwenye majani, hatua chache kutoka pale alipokuwa akitoa tope. Tawi la majaribio ndilo analomwagilia mwenyekiti pia, na zamu yake siku hiyo ilikuwa saa nne. Saa tatu kasoro dakika moja, Mzee Thadeus alivua saa ya mkononi akaiweka gotini, simu akaiweka goti la pili. Simu ikaita. Aliusoma ujumbe hadi mwisho, akaitazama saa, akaivaa tena.

"Imewahi sekunde chache," alisema.

"Saa yako ndiyo imechelewa, mzee," alisema Hilaria.

Walipiga kura kwa mikono. Matawi yote manne yahamie kwenye seva, kuanzia Jumatatu. Mwenyekiti alinyoosha mkono wake mwishoni, akataka iandikwe kwenye muhtasari kwamba pembe itabaki mlangoni kwake. Iliandikwa. Kisha akainuka kwenda kwenye zamu yake, na alipopita alihesabu hatua za Aikande. Zilikuwa kumi na nne.

"Zimebaki sita," alimwambia, akaendelea kushuka.

Aikande sasa ana imeji ya tatu ya mfongo huo, ya akiba, kwenye diski iliyoko Old Moshi kwa wazazi wake. Kwenye orodha yake namba kumi na moja imekatwa kwa mstari. Na ndani ya imeji ameweka ujumbe mfupi, ambao fundi yeyote atakayeingia kwenye seva ataukuta mbele yake kabla ya kitu kingine chochote:

*Saa inayoonekana kwenye mashine hii iko nyuma saa sita kwa makusudi. Usiirekebishe. Ukiwa na swali, muulize Mama Hilaria.*

Chini yake ipo namba ya simu ya Hilaria.