Nilitia Dole Nitibiwe

Mimi Sitara binti Zahoro, mpishi wa shughuli hapa Kariakoo, mwaka wa thelathini na moja sasa. Pilau langu silisifii, waliolila wapo. Kusoma najua jina langu na namba za simu, basi.

Mwaka huu nilipatikana na kifua kikuu. Zahanati wakanipa vidonge vya miezi sita. Miezi miwili nikajifungia ndani, nikawaambia watu miguu inauma. Daktari akapima tena, akasema makohozi safi, siambukizi, nirudi jikoni. Nikarudi. Sikumwambia mtu. Nani atakula pilau la mgonjwa wa kifua?

Siku moja nakatiza Mnazi Mmoja, simu ikalia.

"Shikamoo Bi Sitara. Mimi Jovin. Uko mwezi wa nne wa dozi ya kifua, eeh? Tunayo dawa ya kusafisha mapafu."

Nikasimama katikati ya njia. "Nani kakupa habari zangu?"

"Uko kwenye listi yetu, bibi."

Nikakata. Akapiga tena kesho yake, na keshokutwa, kila siku namba mpya. Kuacha kupokea siwezi, shughuli zote zinaniita kwa simu hiyohiyo. Ikilia tu, natoka mbele za watu ndipo nipokee.

Nikaenda zahanati. Dirishani alikaa karani, Benjamini.

"Bibi, fomu yako hii. Ulitia dole kwamba taarifa zako wanaweza kupewa washirika wetu."

"Nilitia dole nitibiwe, sikutia dole niuzwe!"

"Punguza sauti bibi, wagonjwa wanasikia."

"Sauti yangu unaificha, kifua changu umekianika!"

Akaandika malalamiko, akanisogezea wino. Nikamwambia asome kwanza, yote, mara mbili. Ndipo nikatia.

Alhamisi tulichambua mchele kwa Maimuna, anayemwoza bintiye Jumamosi. Tukiwa na sinia mapajani na vumbi la mchele mikononi, simu tunazirundika katikati ya mkeka. Ikilia, aliye karibu anaibonyeza iseme kwa sauti. Ndiyo kawaida yetu. Na mimi, mzee mzima, nikaiweka yangu.

Ikalia. Maimuna akanyoosha kidole.

"Iache!"

"Kha! Shoga, umepata mchumba unatuficha?" Wakacheka. Akabonyeza.

"Bi Sitara, Jovin hapa, wa dawa ya kifua kikuu..."

Mikono yote ikasimama. Ningesema kakosea namba, lakini jina kashalitaja.

"Ni mimi," nikasema. "Nameza dawa. Daktari kanipima, siambukizi mtu."

Shukuru, wifi yake Maimuna, akavuta sinia lake akahamia mlangoni.

"Mbona hukuniambia?" Maimuna akauliza.

"Niliogopa."

Akajifuta vumbi la mchele mikononi. Nikaziona sufuria zangu zote zimefunikwa, moto umezimwa.

"Kesho twende wote kwa daktari wako, aniambie kwa mdomo wake. Lakini wewe uridhie kwanza."

Nikaridhia.

Ijumaa daktari akamweleza mbele yangu. Akanipima na presha, akasema imepanda, si ajabu. Jumamosi nikapika. Maimuna alikula sahani mbili nikimwona. Shukuru hakugusa.

Jumapili asubuhi simu ikalia. Safari hii mwanamke, sauti tamu.

"Shikamoo Bi Sitara. Pole na presha."