Nilificha Pilau Nyuma ya Mama Mkwe

Wasomaji wenzangu, nilikosa mimi. Msimtafute mwingine wa kumlaumu. Mke wangu alinionya mapema, nami nikamjibu kwa maringo kwamba mambo ya matumizi aniachie mimi, karani mzima wa mjini!

Nisikilizeni, kisha mnicheke. Mimi mwenyewe hujicheka, ila nikiwa peke yangu.

Mimi ni mtu wa Pwani. Kazi yangu iko katikati ya jiji, na nyumba nimepanga mtaa wa Kabiria, pembezoni mwake. Mwaka ule mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Mombasa, mara yake ya kwanza. Mama huyu hakuwahi kuniamini. Siku ya posa alimuuliza mjomba wangu, mbele ya watu, kama huko bara nitamlisha binti yake au nitamhadithia tu habari za chakula. Kwa hiyo ziara ile ilikuwa mtihani wangu. Nilitaka arudi kwao aseme, "Mwanangu ameolewa na mtu."

Nikaamua kuwapeleka wote kwenye maonyesho ya kilimo. Kule kuna ng'ombe wa kila rangi, kuna bendi, kuna na bembea za kuzunguka zinazowatia watoto wazimu. Lakini vibanda vya chakula vya kule, jamani! Ule ni wizi wa mchana. Nikaapa pesa yangu hailiwi pale hata kwa soda moja.

Mke wangu akapika pilau alfajiri, sufuria nzima. Nilitaka itutoshe mchana, na nyingine tuirudishe nyumbani iwe chakula cha usiku. Watoto wangu nikawapanga mlangoni nikawafunza: mtu yeyote akiwauliza habari ya kula, jibu ni "tumeshiba". Sikutaka wanililie mbele ya vibanda. Wakakariri kama wanajeshi.

"Baba Zuhura," mke wangu akasema, "ubahili huu utakuja kukuaibisha."

"Huu si ubahili, ni mpango," nikamjibu. Mpango!

Mchana tukatandika mkeka kivulini, karibu na mazizi ya ng'ombe wa maziwa. Mke wangu alikuwa ndiyo anakifungua kikapu nilipomwona Mutua anakuja, na mkewe, na watoto wao sita. Mutua si jina lake, lakini tumwite hivyo. Ni jirani yangu, Mkamba, tunapanga ploti moja, vyumba vyetu vimepakana, na ni mtu mwema kupita kiasi.

Hapo ndipo shetani aliponikalia. Kwetu Pwani huwezi kufungua chakula mbele ya mtu usimwambie karibu. Ni aibu kubwa. Lakini kwetu yule mtu naye anajua la kujibu: anasema "starehe", kisha anapita zake. Mutua hajui mambo ya starehe. Ukimwambia karibu, ananawa mikono! Nikaiona midomo yote ile ndani ya sufuria yangu, na chakula cha usiku kikaniponyoka mbele ya macho.

Nikakisukuma kikapu nyuma ya mama mkwe. "Samahani mama, hebu sogea kidogo uegemee hapo."

Mama akanitazama. Akakitazama na kikapu. Kisha akasogea, akakifunika kwa buibui lake. Ni mtu mwenye adabu zake, angefanyaje?

"Baba Zuhura! Tumewatafuta kila mahali!" Mutua akaita. "Tukule pamoja basi."

"Ah, ndugu yangu, sisi tumeshakula. Tumeshiba!"

Akawageukia watoto. "Hata nyinyi?"

"Tumeshiba!" wakajibu kwa sauti moja wanajeshi wangu.

Mutua akasikitika kweli. Mkewe, Mama Kioko, akafungua bakuli kubwa lenye kuku wa kukaanga. "Na hii kuku usiogope," Mutua akaniambia. "Nilipelekea yule mzee wa duka, Muislamu mwenzako, akachinja yeye mwenyewe. Nilijua yangu huwezi kula."

Wasomaji, nilitamani ng'ombe mmoja avunje zizi aje anikanyage! Mtu amehangaika na kuku wake ili mimi niweze kula, nami nimekaa nimekunja mikono, eti nimeshiba. Watoto wangu walikuwa wanakifuata kila kipande kwa macho, kutoka bakulini hadi midomoni mwa wenzao. Hakuna aliyethubutu kuvunja amri. Tumbo langu likanguruma, nikakohoa kulifunika.

Mama Kioko ndiye aliyenimaliza, tena bila ubaya wowote. "Lakini mlikula saa ngapi?" akauliza. "Asubuhi tulisikia harufu ya pilau kwenu, nikaambia Baba Kioko, leo tusipike mchele, tubebe kuku peke yake. Pilau iko kwa jirani."

Kumbe! Jiko letu na lao yametenganishwa na bati moja tu, nami nilisahau.

Mama mkwe akakusanya buibui lake, akakivuta kikapu mbele ya watu wote. "Pilau ipo, wanangu," akasema. "Mkwe wangu alikuwa anawangojea nyinyi. Karibuni."

Akapakua mwenyewe. Watoto wakala mpaka wakajipaka mafuta masikioni, na Mutua akaisifu pilau ile mpaka nikatamani anyamaze. Nikachukua sahani, nikaweka pilau na paja la kuku, nikampelekea mama kwa mikono miwili.

"Mama, karibu."

"Starehe, mwanangu," akasema. "Si tumeshakula?"

Na hakula! Si siku ile tu. Siku zote zilizobaki, chakula kikiletwa mezani kwangu anasema ameshiba, kisha jioni namsikia ng'ambo ya bati akila ugali na Mama Kioko, akicheka. Mama mkwe wangu, akilishwa na jirani! Siku ya kuondoka nikamnunulia stesheni sambusa, kuku, machungwa, soda, tena kwa bei mbaya kuliko ya vile vibanda. Akanishukuru sana. Kabla treni haijaondoka nikamwona dirishani akimkabidhi abiria wa mbele yake mfuko wote.

Nyinyi mnaopanga kwenda kutembea na familia, bebeni chakula chenu, hiyo ni akili wala siwacheki. Lakini mkishakifungua, semeni karibu kabla hamjageuka kuona ni nani anakuja. Msije mkawa kama mimi.

Mwaka huu tumemwalika mama tena. Nimemtumia nauli, nimeagiza mchele mzuri, nimemwambia shemeji amweleze kwamba safari hii nitachinja mbuzi. Jibu limekuja juzi. Atakuja, inshallah, ila tusijisumbue kupika. Safari yote ile ya treni kutoka Mombasa, wasomaji, na atafika ameshakula!